Grosari ya ukingoni mwa Malagarasi: anza na mwezi

Hapa Ilagala, Kigoma, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, nimefungua na kufunga grosari, yaani baa ndogo, mara mbili, kwa hiyo nisikilize. Kabla ya kununua kreti hata moja, tazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani, na mifuko inakauka. Basi agiza mzigo giza linapoanza. Siku za mwezi punguza bia, pika supu, weka bao; watakaa, watabishana, wataomba kukopa. Daftari la madeni liweke juu darini. Langu la kwanza lilisombwa na mafuriko, na wadaiwa wote wakasahau siku hiyohiyo! Kaunta ijenge mwinukoni, meza za mtoni ziwe za kubebeka. Samaki wa mgebuka kaanga kwa mawese, harufu ivuke mto kabla ya kivuko.