Kulala kwenye treni ya usiku: kuanzia tiketi hadi kushuka

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hutokea kwenye tiketi. Tiketi nyingi huandikwa kwa saa 24, na treni za usiku hupenda kuondoka karibu na saa sita. Treni ya 00:10 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo jioni ya tarehe 13 uwe stesheni. Anayekwenda jioni ya tarehe 14 atakuta kitanda chake kiliondoka tangu usiku uliopita. Katika nchi pana, angalia pia saa iliyoandikwa ni ya wapi. Urusi iliandika tiketi zote za ndani kwa saa ya Moscow hadi Agosti 2018, ndipo ikahamia kwenye saa ya kila kituo.

Kitanda gani

Vyumba huwa vya watu wawili, wanne au sita. Cha sita kina vitanda vitatu kila upande, na cha kati ndicho chenye ugomvi: kikifunguliwa, aliye chini hawezi tena kukaa wima. India imelimaliza hilo kwa sheria: kitanda cha kati hufunguliwa saa nne usiku na kukunjwa saa kumi na mbili asubuhi. Pasipo na sheria, ulizaneni mapema nani analala saa ngapi.

Cha chini kinamfaa mzee, mjamzito, mwenye mtoto na anayeamka mara kwa mara. Bei yake ni kwamba mchana kinageuka benchi la wote. Cha juu kina faragha na mzigo mdogo unakaa salama karibu nawe, lakini joto la chumba hupanda huko, na kama kuna kiyoyozi, tundu lake mara nyingi liko usoni kwako. Chukua sweta hata kama nje kuna jua kali. Ukiwa na urefu unaozidi sentimeta 185, tegemea kukunja magoti popote utakapopangwa.

Ukiruhusiwa kuchagua chumba, omba cha katikati ya behewa. Behewa hukaa juu ya bogi mbili zenye magurudumu, moja kila mwisho, na vyumba vilivyo juu yake hupokea kila mtikisiko wa reli. Mwisho huohuo ndiko kuliko na vyoo, milango inayobamizwa usiku kucha na viungo vinavyogongana treni inapofunga breki.

Kabla taa hazijazimwa

Fungasha mabegi mawili. Kubwa linaingia chini ya kitanda cha chini, ukuta ukiwa nyuma yake, na kufuli yenye waya ikilifunga kwenye mguu wa kitanda. Dogo unalala nalo. Ndani yake weka tiketi na kitambulisho, pesa, simu na betri ya akiba, tochi ndogo, maji lita moja, karatasi ya choo, sabuni, sweta, vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Mwenzako wa kwanza akishazima taa, kile ambacho hakiko mahali mkono wako unapofika ni kama hukukibeba: kupekua begi la chini saa nane usiku ni kuamsha chumba kizima. Kandambili ziache sakafuni, ncha zikitazama mlango.

Soketi isitegemewe. Pengine iko moja tu, nayo ukumbini, na simu inayochajiwa ukumbini ni zawadi kwa mpita njia.

Kitanda kinachokunjwa kikague kabla ya kukipanda. Vuta ukingo wake kwa nguvu usikie kama kimekaa kwenye pini zake, kisha funga mkanda au wavu wa kuzuia kuanguka. Panda na shuka huku uso ukielekea ngazi, bila kukanyaga shuka la mwenzako. Dirisha linalovuja upepo lipe miguu, si kichwa.

Mlango na dirisha

Vyumba vingi vina vifungo viwili: kitasa ambacho kondakta anaweza kukifungua kutoka nje kwa ufunguo wake, na komeo au mnyororo wa ndani. Funga vyote viwili. Anayebisha hodi usiku afunguliwe kwa upana wa mnyororo kwanza. Ile hadithi ya wezi wanaopuliza gesi ya usingizi chini ya mlango isikunyime usingizi. Mwizi wa treni anahitaji kidogo kuliko hapo: dirisha lililoachwa wazi treni ikisimama kituoni, au dakika tano ambazo mwenye simu yuko chooni.

Choo

Mabehewa ya zamani humwaga kila kitu moja kwa moja juu ya reli, ndiyo maana choo hufungwa au hukatazwa treni ikiwa kituoni. Mpakani kinaweza kufungwa muda mrefu zaidi. Pale Brest, Belarusi, hadi mwaka 2020 mabehewa ya abiria yalinyanyuliwa na kubadilishwa bogi kwa sababu reli inaruka kutoka upana wa milimita 1435 hadi 1520. Kunywa kwa hesabu kabla ya vituo vya namna hiyo. Maji ya tangi nayo huisha, na foleni huwa kali kuanzia saa kumi na mbili, kwa hiyo nawa uso saa kumi na moja.

Usihame behewa bila kuuliza. Treni nyingi za usiku hukatwa vipande kwenye makutano, kila kipande kikaenda mji wake. Ukisinzia kwenye behewa la chakula, wewe na begi lako mnaweza kuamka miji tofauti.

Kushuka

Mwambie kondakta kituo chako unapopanda, lakini weka kengele yako pia, dakika 45 kabla. Treni ikichelewa, ramani iliyopakuliwa kwenye simu itakuonyesha ulipo hata bila mtandao. Isogeze dirishani tu, kwani bati la behewa huzuia mawimbi ya setilaiti. Uliza pia mlango gani utafikia jukwaa, maana treni ndefu huacha mabehewa ya mwisho nje ya vituo vifupi, na kutembea na mizigo ndani ya ukumbi mwembamba huchukua muda kuliko unavyodhani.

Kabla ya kutoka, kung'uta blanketi, kisha pitisha mkono kwenye ufa kati ya godoro na ukuta. Miwani na simu huangukia humo.