SOMO: Kwenda kucheza gofu Ireland bila kukwama Drogheda kama mimi

Wakuu, salaam. Tangu nirudi safari nimejibu maswali yale yale kwenye simu mpaka mke wangu ananiuliza kama nimefungua wakala wa utalii. Naandika hapa mara moja, basi. Mimi si bingwa, handikapu yangu (mikwaju ya ziada ninayoruhusiwa juu ya kiwango cha kiwanja) ni 19 na siku nyingine hata hiyo ni ya kusingiziwa. Ila nimekosea mahali ambapo wewe huna sababu ya kukosea.

1. Msimu. Mei hadi Septemba. Juni jua linazama karibu saa nne usiku.

2. Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ireland. Ireland HAIMO Schengen. Unajaza maombi mtandaoni, unachapisha muhtasari, unaambatanisha vielelezo. Anza mapema.

3. Nauli. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Pitia Dubai, Doha au Istanbul ushukie Dublin. Ukipitia London unajiongezea habari ya viza ya kupita.

4. MPAKA. Hapa someni taratibu. Kwenye gofu Ireland ni moja: chama kimoja kisiwa kizima, watu wa Belfast na wa Cork wanavaa jezi moja. Kwa hiyo ukifungua orodha ya viwanja bora vya Ireland unakuta Royal County Down na Royal Portrush viko juu kabisa, nawe unalipia huku unatabasamu. Viwanja hivyo viko Ireland ya Kaskazini, na Ireland ya Kaskazini ni Uingereza. Viza ya Ireland haikuvushi. Barabarani hakuna kizuizi wala bendera, utajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapobadilika kutoka kilomita kwenda maili. Sheria lakini ipo pale pale.

Mimi nilikuwa na viza ya Ireland ya kuingia mara moja, na viwanja viwili vya kaskazini nimeshalipia. Niligundua mezani, kwenye kifungua kinywa, baada ya mama mwenye nyumba ya wageni kuuliza kwa upole, "Na ya Uingereza unayo?" Kaka yangu anaishi Birmingham na ana pasipoti ya huko, yeye na rafiki zake wakaendelea na safari. Mimi nikabaki Drogheda, mji ulio upande wa kusini wa mpaka, siku mbili na begi la fimbo kama mtu aliyefukuzwa msibani. Pesa haikurudi, na sikumlaumu mtu, masharti yalikuwa yameandikwa.

Kwa hiyo: ukitaka kaskazini, unahitaji viza ya Uingereza NA viza ya Ireland ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukitoka kwenda kaskazini ukarudi kusini umeingia upya. Usinunue nafasi ya kiwanja chochote cha kaskazini kabla hujapata viza zote mbili. Kama hutaki usumbufu, baki kusini na magharibi. Lahinch, Ballybunion, Waterville, Enniscrone, Rosses Point, Carne: wiki mbili hazitoshi.

5. Kuweka nafasi. Viwanja vikubwa vinajaa miezi mingi kabla, na bei ni euro 300 na kuendelea kwa raundi moja. Changanya: viwili vya jina, vitatu visivyo na jina. Strandhill, pale Sligo, ni chini sana ya hapo na bahari ni ile ile. Beba cheti cha handikapu kutoka klabu yako, wanakiangalia kweli.

6. Gari. Wanaendesha kushoto kama sisi. Barabara za kijijini ni nyembamba na zina kuta za mawe pande zote. Watu wanne wenye mabegi manne hawaenei kwenye gari dogo, msijidanganye. Ukitoka Lahinch kwenda Ballybunion usizunguke Limerick, kuna kivuko cha mto Shannon kutoka Killimer hadi Tarbert, kama dakika 20.

7. Upepo. Mwavuli acha nyumbani. Koti na suruali visivyopitisha maji, glovu za mvua jozi mbili, kofia ya sufu hata kama ni Julai. Vigari vya gofu viwanja vingi vya pwani havikuruhusu mpaka uwe na cheti cha daktari. Utatembea.

Sasa Drogheda, nilikoonyeshwa ustahimilivu wa Wairishi. Siku ya pili ya uhamisho wangu nilikwenda Baltray, kiwanja kilicho mdomoni mwa mto Boyne. Nilipewa mwenzi, mzee wa miaka themanini hivi, mwanachama wa pale, anavuta kitoroli chake mwenyewe. Mvua ilikuwa inakuja ya ubavu. Shimo moja tuliloelekea upepo alipoteza mpira, akapoteza wa pili, akamaliza kwa mikwaju tisa. Akatoa penseli, akapuliza maji kwenye kadi, akaandika 9 kubwa inayosomeka, akafuta miwani kwa tai yake (ndiyo, alivaa tai) akaniambia, "Siku laini leo." Ndivyo wanavyoyaita manyunyu. Shimo lililofuata akapata pari, yaani alimaliza kwa idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo. Mimi tangu la nne nilikuwa natafuta namna ya kumwambia turudi.

Ni yeye aliyenikumbusha kuwa pale pale Baltray, mwaka 2009, Shane Lowry, mchezaji wa Ireland, alishinda Irish Open akiwa mchezaji wa ridhaa. Kwa kuwa ridhaa hapokei zawadi, euro 500,000 zilikwenda kwa Robert Rock aliyeshindwa naye kwenye mashimo ya ziada. Mwaka 2016 Lowry aliingia siku ya mwisho ya US Open pale Oakmont akiongoza kwa mikwaju minne, ikamponyoka. 2018 kwenye The Open, ubingwa mkuu wa gofu wa Uingereza, pale Carnoustie, alikaa ndani ya gari kwenye maegesho akalia, mwenyewe amelisimulia, na akatolewa mapema. Mwaka mmoja baadaye akaishinda The Open hiyo hiyo kwa tofauti ya mikwaju sita, mvuani. Wapi? Portrush. Huko nilikozuiwa mimi.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

—

Kipanga wa Upanga: Mkuu somo zuri. Nina Schengen ya miaka miwili, si inatosha?

Mwandishi: Hatua ya 2. Herufi kubwa.

Jembe_la_Moro: Umesema mpakani hakuna askari. Sasa nani atanijua? Naona umeogopa tu.

Mwandishi: Polisi wa Ireland hupanda mabasi yanayotoka kaskazini na kuomba hati. Na wewe ukigonga gari la mtu upande ule, utampa polisi viza ipi? Unaomba viza nyingine mwaka kesho, kwenye fomu utaulizwa kama umewahi kuvunja masharti. Mimi nimeogopa, sawa. Wewe nenda.

Jembe_la_Moro: Basi usikasirike kaka, nilikuwa nauliza.

Mama Neema: Samahani kaka, mimi ni mwanagenzi, handikapu 34. Nitaaibika huko? Na wanawake wanachezaje?

Mwandishi: Dada, hutaaibika hata kidogo. Viwanja vichache vikubwa vina kikomo cha handikapu, waandikie barua pepe kabla ya kulipa. Vidogo vya vijijini vitakupokea kwa mikono miwili. Ukipata nafasi mtazame Leona Maguire wa Ireland, kwenye Solheim Cup (timu ya wanawake wa Ulaya dhidi ya Marekani) ya 2021 ilikuwa mara yake ya kwanza na hakupoteza mechi hata moja kati ya tano. Mwaka uliofuata akawa Mwairishi wa kwanza kushinda kwenye ziara ya LPGA, ile ya wanawake wa kulipwa. Na omba kedi (mbeba fimbo) siku unayoweka nafasi, si siku ya kucheza. Analipwa taslimu.

Chuma Saba: Mimi napiga mpira juu sana. Upepo huo utanifanya nini?

Mwandishi: Utaurudisha miguuni pako. Swali zuri hili, nilijifunza kwa machozi. Ardhi ya pale ni mchanga, ngumu, mpira ukitua unakimbia. Kwa hiyo ukiwa mita 40 kutoka shimoni usichukue ile fimbo ya kupandisha. Chukua fimbo yako hiyo ya chuma namba 7, mpira karibu na mguu wa kulia, mikono mbele, piga kama unasukuma, uutue mita kumi tu uache ubiringike. Ukiwa mbali na upepo uko usoni, chukua fimbo ndefu zaidi kwa hatua mbili au tatu halafu piga TARATIBU. Ukikaza, mpira unazunguka zaidi na unapanda zaidi. Anza mazoezi sasa, nyasi za huku zinaukamata mpira kwa hiyo tafuta eneo kavu.

Nyali Boy: Mimi niko Mombasa. Hao Wairishi tunawajua kitambo. Eamonn Darcy alichukua Kenya Open 1982, Christy O'Connor Jnr akachukua 1990.

Mwandishi: Asante ndugu! Na ndio wale wale wa Ryder Cup, timu ya Ulaya dhidi ya Marekani. Darcy ana mtindo wa kupiga ambao kocha yeyote angeukataza, kiwiko kinaruka kama bawa la kuku, lakini 1987 alimfunga Ben Crenshaw kule kule Marekani. O'Connor 1989 alimmaliza Fred Couples kwa chuma cha 2 juu ya maji.

Mdau Mkweli: Ustahimilivu gani na hao ni mamilionea? Mkulima wa Kongwa ndiye mstahimilivu.

Mwandishi: Mkulima wa Kongwa hana mpinzani, nakubali. Mzee wa Baltray naye sidhani kama ni milionea, kitoroli chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya nailoni. Mpira wa Rory McIlroy, mtoto wa Ireland ya Kaskazini, wa kwanza kabisa kwenye The Open ya 2019, Portrush, nyumbani kwao, ulitoka nje ya mpaka. Shimo hilo akapiga nane, siku ikaisha kwa 79. Kesho yake akapiga 65, akakosa kuvuka mchujo kwa mkwaju mmoja. Milioni haikusaidii kurudi pale asubuhi mbele ya majirani.

Chuma Saba: Lahinch ni kweli wanatumia mbuzi kutabiri hali ya hewa?

Mwandishi: Mbuzi wapo, nimewaona. Wakisogea karibu na jengo la klabu, mvua inakuja. Shimo la 5 pale, Dell, huioni bendera kabisa, limejificha nyuma ya kilima cha mchanga. Kuna jiwe jeupe kilimani, unalipigia hilo.

Mama Neema: Viatu vikilowa usiku mnakausha vipi, na kesho yake kuna raundi?

Mwandishi: Gazeti. Likunje, jaza hadi kwenye vidole, badilisha kabla ya kulala. Usiweke juu ya hita, soli inabanduka. Yangu ilibanduka Ballybunion, shimo la 11.