Jinsi ya kuwaongoza watoto kutengeneza kipeperushi cha vivutio vya asili, kuanzia utafiti hadi kukunja karatasi

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au mlezi mwenye watoto wa kati ya miaka 9 na 12 waliopewa kazi ya kutafiti vivutio vya asili vya eneo fulani na kuvitengenezea kipeperushi cha watalii. Nimetoka kulisaidia kundi moja kwenye kazi hii, na nimeandika njia tuliyoifuata. Kuchora na kupaka rangi watoto wanakuweza bila sisi. Panapohitaji mtu mzima ni kwenye utafiti: kila sentensi iandikwe na mtoto aliyeielewa, na kila namba iwe na mtu anayeweza kusema ilitoka wapi.

Hatua ya 1: Kundi moja, kivutio kimoja

Gawa watoto watatu watatu au wanne wanne. Kila kundi lichukue kivutio kimoja tu: mlima, maporomoko, ziwa, pango, msitu, chemchemi ya majimoto. Ukiwapa eneo zima wataleta orodha ya majina na sifa zinazofanana. Eneo zima litapatikana mwishoni, vipeperushi vyote vikiwekwa pamoja.

Hatua ya 2: Maswali ya msafiri kwanza

Kabla ya kitabu wala simu, waulize: wewe ndiye unayesafiri, ungetaka kujua nini? Andika maswali yao kwa maneno yao. Kwa kawaida yatakuja haya: ni nini hicho, kiko wapi, nitafikaje, nitaona nini, nibebe nini, nini hakiruhusiwi.

Mawili huwa hawayataji, na mimi huyaongeza kila mara. La kwanza ni *kilitokeaje?* Mtoto anayejua kwamba Ngorongoro ulikuwa mlima wa volkano, kwamba miamba iliyoyeyuka chini yake ilitoka na kilele kikakosa cha kukishikilia kikaporomokea ndani, hataandika tena kwamba ni "shimo kubwa la kupendeza". Ataeleza kwa nini kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi na kwa nini chini ni tambarare.

La pili ni *lini?* Maporomoko ya Victoria yanalifundisha swali hili vizuri kuliko mahali pengine ninapopajua. Mto Zambezi hujaa zaidi karibu na mwezi wa Aprili, na wakati huo manyunyu huwa mazito kiasi cha kuyaficha maporomoko yenyewe. Ifikapo Oktoba na Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu. Kwa hiyo "msimu mzuri" hauna jibu moja. Anayetaka kusikia ngurumo ana msimu wake, na anayetaka kuona mwamba ana wake. Kipeperushi kinachosema hivyo kinamsaidia msafiri.

Hatua ya 3: Kukusanya na kuhakiki maelezo

Muda wenu mwingi utaishia hapa. Tenga angalau nusu ya muda wa kazi nzima, na usikubali mtu aanze kupaka rangi kabla haijaisha.

*Tumia kadi, si daftari.* Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kadi ibebe jambo moja tu. Mbele liandikwe jambo lenyewe, nyuma liandikwe lilikotoka: jina la kitabu na ukurasa, jina la tovuti, au "tumeambiwa na mtu anayefanya kazi huko". Nimejaribu daftari na nimejaribu kuandika moja kwa moja kwenye kompyuta, na kadi zinashinda zote, kwa sababu zinaweza kupangwa mezani, kuhamishwa na kutupwa. Kadi isiyo na kitu nyuma haiingii kwenye kipeperushi, hata kama maelezo yake ni matamu.

*Soma, funga, simulia, andika.* Mtoto anasoma aya moja. Anafunga kitabu au anageuza simu kifudifudi. Anamsimulia mwenzake. Mwenzake anauliza "kwa nini?" mara moja. Ndipo mtoto anaandika alichosimulia. Ukimwambia "andika kwa maneno yako" huku ukurasa uko wazi mbele yake, atabadilisha neno moja moja na sentensi itabaki ya mwandishi. Ukikuta neno kama "bayoanuwai" kwenye kadi, muulize maana yake. Akieleza, libaki. Akikwama, arudi kusoma.

*Namba zinapogombana.* Hapa watoto hukata tamaa, na watu wazima wengi huwaambia wachague namba yoyote. Usifanye hivyo. Namba mbili zinazotofautiana karibu kila mara zina sababu inayoweza kupatikana, na kuitafuta sababu hiyo ndiyo sehemu ya utafiti ninayoipenda kuliko zote. Angalieni haya kwa mpangilio:

Kwanza, vipimo. Kundi moja likileta 5,895 na jingine 19,341 kwa Kilimanjaro, hakuna aliyekosea: ya kwanza ni mita, ya pili ni futi. Zidisha futi kwa 0.3048, na mtoto aifanye hesabu hiyo mwenyewe.

Pili, wakati. Milima hupimwa upya kadiri vifaa vinavyoboreka. Everest ilijulikana kwa miaka mingi kuwa na mita 8,848, kisha mwaka 2020 China na Nepal zikatangaza pamoja mita 8,848.86. Kitabu cha zamani si kibovu, ila andikeni namba mpya.

Tatu, na hii ndiyo inayopoteza muda zaidi: huenda namba zote mbili ni sahihi lakini zinapima vitu tofauti. Mlima Kenya utaukuta una mita 5,199 mahali pamoja na 4,985 mahali pengine. Ya kwanza ni kilele cha Batian, kirefu kuliko vyote, ambacho hufikiwa na wapandaji wa kamba. Ya pili ni Lenana, wanakofika watembeaji wa kawaida. Kwa msafiri, tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha. Vivyo hivyo maporomoko ya Angel nchini Venezuela: mita 979 ni kimo chote, na mita 807 ni ule mteremko mmoja mrefu usiokatika. Mfundishe mtoto kuuliza "imepimwa kutoka wapi hadi wapi?" kabla hajaamua nani kakosea.

Nne, kukadiria. "Zaidi ya kilomita 2,000" na "kilomita 2,300" kwa Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia hazipingani.

Mkishapita yote manne na bado mna tofauti, andikeni "takriban" na namba iliyo karibu, au iacheni kabisa.

*Vyanzo viwili visivyonakiliana.* Kila namba na kila dai kubwa lipate vyanzo viwili. Lakini tovuti mbili zenye sentensi zilezile ni chanzo kimoja. Waweke watoto wasome vyanzo vyote viwili kwa sauti. Masikio yao yatagundua haraka kuliko macho. Zile programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa maandishi mazuri nazitumia kupata maswali ya ziada tu. Hutoa namba sahihi na isiyo sahihi kwa sauti ileile ya uhakika, na mtoto wa miaka 10 hana namna ya kuzitofautisha.

*"Kubwa kuliko yote."* Watoto wanalipenda neno hili kupita kiasi. Kila likitokea, muulize: kubwa kwa nini, na kuliko yote ya wapi? Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika kwa eneo, lakini kina chake hakifiki hata mita 100. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na hata hilo linazidiwa na Baikal la Urusi lenye mita 1,642. Sentensi yenye kigezo ("lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika") inavutia kuliko isiyo nacho.

*Aina ya hifadhi.* Hakikisheni jina kamili la kisheria la mahali. Ngorongoro si hifadhi ya taifa kama Serengeti, bali ni Eneo la Hifadhi ambamo wafugaji wa Kimaasai wameishi na mifugo yao jirani na wanyamapori. Kanuni zake ni tofauti, na swali la "nini hakiruhusiwi" haliwezi kujibiwa kabla ya hili kujulikana.

*Simulizi za wenyeji.* Zichukueni, tena kwa heshima. Zipewe kadi za rangi nyingine, na kwenye kipeperushi zianze na "Wenyeji husimulia kwamba". Simulizi ya chanzo cha ziwa na maelezo ya kijiolojia vinaweza kukaa ukurasa mmoja bila kuchanganywa.

Hatua ya 4: Picha na ramani

Ramani ichorwe kwa mkono, iwe na mshale wa kaskazini. Picha za watoto wenyewe ni bora. Mkitumia ya mtandaoni, ichukueni Wikimedia Commons (tovuti ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa na wengine), someni masharti ya leseni yake, na mwandike jina la mpiga picha chini yake.

Hatua ya 5: Kupanga kurasa sita

Chukua A4 iliyolala, yenye upana wa milimita 297. Kipeperushi cha mikunjo miwili kina kurasa tatu nje na tatu ndani, na ule unaokunjwa kuingia ndani lazima uwe mwembamba kidogo, la sivyo karatasi itajikunja ukingoni. Upande wa nje, kutoka kushoto: milimita 97 (ukurasa unaoingia ndani), 100 (mgongo), 100 (jalada). Upande wa ndani, kutoka kushoto: 100, 100, 97. Ndiyo, jalada liko *kulia* kwa upande wa nje. Watoto hawataamini. Wape karatasi tupu waikunje, waandike "jalada" kwa penseli, kisha waikunjue wajionee.

Karatasi hiyo iliyoandikwa kwa penseli ndiyo kielelezo, na pasiwe na kompyuta kabla yake. Kadi zipangwe juu yake: jalada lina jina, picha na sentensi moja. Ukurasa unaoingia ndani ndio msomaji huuona mara tu akifungua jalada, kwa hiyo uweke hapo "kilitokeaje". Ndani ni ya kuona, kufika na msimu. Mgongo ni wa ramani na kanuni.

Hatua ya 6: Kuandika

Maneno 60 kwa ukurasa, yasizidi. Futa "zuri", "la kuvutia" na "la ajabu", kisha weka kinacholifanya liwe hivyo. "Ziwa Natron ni zuri na lina ndege wengi" inakuwa: "Maji ya Ziwa Natron yana magadi makali. Wanyama wawindao hupata shida kuyavuka, na ndiyo maana heroe wadogo huja kutaga hapa."

Hatua ya 7: Jaribio na kuchapa

Mpe kipeperushi mtu asiyejua kivutio hicho. Asome, kisha kikunjwe, na watoto wamuulize: ungeenda lini, ungebeba nini, kilitokeaje? Jibu linalokosekana ndilo ukurasa wa kurekebisha.

Kwenye printa chagua kuchapa pande mbili kwa kugeuza kwenye ukingo mfupi. Ukichagua ukingo mrefu, upande wa ndani utatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, iangalie, ndipo utoe nyingine.