Ukiumizwa na matibabu Dar es Salaam: namna ya kudai
Anza na kumbukumbu. Siku hiyohiyo andika tarehe, saa, wodi, dawa na dozi, na nani alisema nini. Kisha mwandikie mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, barua ya kuomba nakala ya faili la mgonjwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Tunza risiti, picha za eksirei na pakiti za dawa.

Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Lazima uthibitishe kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango cha taaluma, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Sharti hili la pili ndilo gumu, hasa mgonjwa alipofika akiwa hoi, kwa hiyo tafuta maoni ya maandishi ya bingwa asiyefanya kazi hospitali hiyo.

Daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi au mkunga kwa baraza lao. Huko ni nidhamu, si fidia. Fidia hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 3. Kwa hospitali ya serikali, kama Amana au Temeke, tanguliza notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Muone wakili mapema.