Usiku wa Prachuap Khiri Khan: Mwongozo kwa Mwanadiaspora Anayeishi Mji Mtulivu wa Pwani ya Thailand

Walimu wa Kiingereza kutoka Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki wanaopangiwa shule za mikoani nchini Thailand mara nyingi hufika wakiwa na picha ya Bangkok au Pattaya vichwani mwao, kisha hushtuka kuona kwamba mji waliopewa umelala kabla ya saa nne usiku. Prachuap Khiri Khan ni mji wa namna hiyo. Upo kwenye Ghuba ya Thailand, kilomita 280 hivi kusini mwa Bangkok, katika mkoa ambamo nchi imebanwa kiasi kwamba kutoka ufukweni hadi mpaka wa Myanmar ni kama kilomita 12 tu. Anayetafuta kumbi za disko hapa atapoteza nauli yake. Lakini mji huu una usiku wake, na atakayeufuata kwa saa zake wala hatauona mfupi.

Tuanze na saa zenyewe, kwa sababu hapa Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Wathai katika mazungumzo ya kawaida huhesabu saa za usiku kuanzia machweo, kama sisi. Sam thum, yaani thum ya tatu, ni saa tatu usiku. Si thum ni saa nne. Ha thum ni saa tano. Mwalimu mwenzako wa Kizungu akialikwa chakula song thum atatafuta mbili kwenye saa yake na asielewe, ilhali wewe utajua papo hapo kwamba ni saa mbili usiku. Mfanano huo huishia usiku wa manane, kwani baada ya hapo Mthai huanza kuhesabu upya: ti nueng, ambayo neno kwa neno ni "gonga moja", kwetu ni saa saba usiku.

Jioni huanzia barabara ya ufukweni mbele ya Ao Prachuap, ghuba iliyo katikati ya mji. Jua likipoa, watu hutoka kukimbia, kuendesha baiskeli na kutupa ndoano kwenye gati. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa kwa vipaza sauti katika stesheni na maeneo ya umma, na kila mtu husimama alipo hadi uishe. Simama nawe, hata kama mkononi una mfuko wa maembe.

Ijumaa na Jumamosi barabara hiyo hugeuka soko la usiku, na hapo ndipo penye uhai wa mji. Aliyewahi kula Forodhani, Unguja, atajisikia yuko karibu na nyumbani: moshi wa makaa, ngisi waliochomwa, samaki wa chumvi, watoto wakikimbizana katikati ya miguu ya wazazi. Tofauti kubwa ni nyama. Vijiti vinavyofanana kabisa na mishkaki yetu huitwa mu ping, na neno mu maana yake ni nguruwe. Nguruwe huingia pia kwenye supu za tambi, kwenye soseji, na kwenye mu kratha, ile mikahawa ambayo kila meza huletewa jiko lake la kuchomea nyama. Muislamu, au yeyote asiyekula kitimoto, ajifunze kusema mai sai mu, "usitie nguruwe", ingawa sentensi hiyo haisafishi sufuria ambayo nguruwe ameshapikwa. Ulinzi ulio bora ni kutafuta alama ya halali, umbo lenye pembe nne na maandishi ya Kiarabu, ambayo huonekana kwenye vibanda vingi vya Wathai Waislamu. Wengi wao huuza roti, ndugu wa chapati yetu, iliyokunjiwa yai na ndizi kisha ikamwagiwa maziwa mazito. Kuhusu pilipili, semeni mai phet, "isiwe kali", mapema, na hata hivyo wekeni maji karibu.

Adabu ya sokoni haina ugeni mkubwa. Mthai humwita mkubwa wake kidogo phi, mdogo wake nong, na mama wa makamo pa, kama sisi tunavyosema kaka, dada na shangazi kwa watu tusiozaliwa nao. Mwite muuzaji pa, naye atakukumbuka wiki ijayo.

Atakukumbuka kwa hali yoyote, na hili ndilo jambo ambalo ningependa mgeni alipime mapema kuliko yote. Katika mji wa ukubwa huu huenda ukawa Mwafrika pekee, na ukifundisha utaitwa khru, mwalimu, hadi kwenye duka la sabuni. Wazazi wa wanafunzi wako ndio wauza samaki, polisi na wahudumu wa baa. Heshima hiyo hukufungulia milango mingi, lakini ukionekana unayumba barabarani Jumanne usiku, mwalimu mkuu atakuwa na habari kabla hujaamka.

Baa zipo chache, nyingi zikiwa ni mikahawa yenye gitaa moja na mwimbaji wa nyimbo za taratibu. Wathai huagiza chupa moja ya pombe kali kwa meza nzima na kuichanganya na soda na barafu, na bia pia hutiwa barafu, jambo ambalo mnywaji wa Dar es Salaam atalipokea kwa huzuni. Moja ya bia za huko huitwa Leo, jina ambalo Mswahili hahitaji kulikariri. Umri halali wa kununua pombe ni miaka 20. Maduka hayauzi kuanzia saa sita usiku hadi saa tano asubuhi, wala hayauzi katika sikukuu kubwa za Kibudha kama Visakha Bucha, kwa hiyo tazameni kalenda kabla ya kualika watu. Vibanda vya karaoke vyenye taa za rangi kando ya barabara kuu si mahali pa kuimba tu: vinywaji vya wasichana wanaokaa mezani huandikwa kwenye hesabu yako.

Sheria nyingine zina makali zaidi. Sigara za kielektroniki ni marufuku kuingizwa na kuuzwa nchini, na wageni wengi hukamatwa nazo bila kujua. Bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, lakini tangu Juni 2025 ua lake huuzwa kwa cheti cha daktari, na anayerudi nyumbani kupitia Dubai au Doha asithubutu kubeba hata chembe yake. Maneno ya kumdharau mfalme huleta kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, hata yakisemwa kwa mzaha. Pia, mwenye baa akikuomba upige muziki au ucheze ngoma kwa malipo, kumbuka kwamba kibali chako cha kazi kinataja kazi maalumu. Kukubali bila kibali cha kazi hiyo ni kuweka makazi yako rehani kwa ajili ya baht chache. Pasipoti au angalau nakala yake iwe mfukoni, ingawa polisi ana haki ya kudai ile halisi.

Kurudi nyumbani kunahitaji mpango. Usiku teksi ni adimu, na pikipiki zilizofungwa kigari ubavuni hupotea mapema, kwa hiyo patana na dereva kabla hujaketi kula. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, na bima nyingi hazilipi ajali ya asiye na leseni husika. Kwa mtembea kwa miguu hatari kubwa ni mbwa wa mitaani: usikimbie, na akikuuma osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali usiku huo huo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Gari la wagonjwa ni 1669, na polisi wa watalii, wanaosikia Kiingereza, ni 1155.

Ukizidiwa na ukimya, panda treni hadi Hua Hin, kaskazini kidogo, mji wenye soko la usiku la kila siku, mtaa wa baa na wageni wa kila aina. Lala huko, urudi asubuhi. Usiku mwingine kaa kwenye ukuta wa bahari ya Ao Prachuap baada ya soko kufungwa, utazame upeo: mashua za kuvua ngisi huwasha taa za kijani, zikajipanga mstari gizani kama karabai za wavuvi wa dagaa wa kwetu.