TV mbili za inchi 43: ipi ya majlisi, ipi ya chumbani

Kabla hujauliza TV gani ni nzuri, jiulize watu watakaa wapi. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Majengo, Mombasa, na kazi hunitoa kibandani kila mara kwenda kutundika TV majumbani mwa watu. Malalamiko ninayoyasikia sana hayatokani na TV mbovu. Yanatokana na TV nzima iliyonunuliwa kwa chumba kisicho chake.

Chukua TV mbili za bei ya kati, zinavyopangwa madukani Moi Avenue na Digo Road: zote inchi 43, zote 4K (nukta za picha mara nne ya zile za Full HD), zote zina taa za LED nyuma ya kioo, na bei zimepishana elfu mbili tatu. Muuzaji atakwambia ni mamoja, tofauti ni jina tu. Muulize aina ya kioo uone atakavyobadilisha mazungumzo. Huenda moja ikawa na kioo cha IPS na nyingine cha VA, na hapo ndipo penye tofauti utakayoishi nayo. Rangi utazirekebisha kwa rimoti, sauti utaiongezea spika, lakini aina ya kioo ukishalipa umeshalipa.

IPS na VA zote ni aina za kioo cha LCD, na kioo cha LCD chenyewe hakitoi mwanga. Mwanga hutoka kwenye taa zilizo nyuma, na mbele yake kuna fuwele za kioevu zinazouziba au kuupitisha kulingana na umeme zinaopewa. Fuwele za VA zisipopata umeme husimama wima na kuuziba mwanga barabara, ndipo cheusi kikawa cheusi. Za IPS hulala sambamba na kioo na kuzunguka hapo hapo. Mwanga kidogo huponyoka, cheusi kikaelekea kijivu, lakini ukitazama kutoka ubavuni rangi zinabaki zilivyo. Kwa hesabu, kontrasti, yaani weupe unauzidi weusi mara ngapi, kwa VA huwa kama 3000 kwa 1 na zaidi, kwa IPS kama 1000 kwa 1. Ukisogea pembeni mambo hugeuka: VA huanza kupauka ukishatoka katikati kwa nyuzi ishirini na kitu, na nyuso za watangazaji zikawa kama zimepakwa unga wa muhogo.

Kwenye katoni zote mbili utasoma kwamba picha inaonekana kwa nyuzi 178. Isikubabaishe. Kipimo hicho huendelea kuhesabiwa mpaka kontrasti ishuke hadi 10 kwa 1, na picha ya namna hiyo hakuna atakayeitazama kwa raha.

Sasa nikupe nyumba mbili.

Ya kwanza iko Kibokoni, nyumba ya kale, ukumbi mrefu mwembamba. Magodoro ya majlisi yamezunguka kuta tatu, TV ni ya ukuta wa nne. Anayeikabili TV sawasawa ni mmoja au wawili. Waliobaki wako ubavuni, na wa karibu na mlango anaitazama kwa mshazari hasa. Mama mwenye nyumba alinikatiza nilipoanza kueleza. "Fundi mwanangu, hayo ya kioevu baki nayo. Mgeni wangu akiketi pale mlangoni, ataona mpira au ataona ukungu?" Nikamwambia, "Ukichukua IPS ataona, mama. Lakini siyo ile uliyoipenda dukani." Ile aliyoipenda ilikuwa VA, na dukani alikuwa amesimama mbele yake wima.

Cheusi cha kijivu hakimsumbui mama huyu. Madirisha yake hushinda wazi ili upepo upite, na mwanga wa mchana ukishaangukia kioo, weusi mzuri wa VA nao unapotea. Kinachomsumbua ni jua. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri ya kwao, kwetu huwa saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Saa kumi na moja jua la Mombasa liko chini upande wa magharibi na linaingia dirishani bila hodi. Mwangaza wa TV za bei hii mara nyingi ni niti 250 hadi 350; niti ndiyo kipimo cha mwangaza wa kioo. Hauwezi kushindana nalo. TV ikikabili dirisha la magharibi, iwe IPS iwe VA, utatazama pazia lako mwenyewe kipindi chote cha kwanza. Itundike kwenye ukuta wa ubavuni mwa dirisha.

Na itundike chini. Hili nimelisema mpaka nimechoka. Macho ya mtu aliyeketi kwenye godoro la majlisi yako kama sentimita 80 kutoka sakafuni, lakini watu wa hapa wanapenda TV iwe juu karibu na dari, ati ipendeze na watoto wasiifikie. Shingo zinauma, na kama kioo ni VA picha hupauka hata ukiitazama kutoka chini. Ukilazimika kuiweka juu kwa ajili ya watoto, nunua breketi inayoinama mbele.

Nyumba ya pili ni chumba kimoja Bamburi, cha kijana anayefanya kazi hotelini. Anarudi usiku, anazima taa, anatazama filamu akiwa kitandani, na siku ya mapumziko anacheza PlayStation. Mtazamaji ni mmoja, yuko katikati, gizani. Huyu nilimwambia VA bila kufikiri mara mbili. Filamu nyingi huacha ufito mweusi juu na chini ya picha. Kwenye IPS, taa zikizimwa, ufito huo hung'aa kijivu, na pembe za kioo hutoa weupe fulani wa kuudhi. Kwenye VA ufito unazama gizani unausahau.

VA ina ila yake: vitu vyeusi vikikimbia gizani huacha mkia, kwa sababu fuwele zake hazina haraka kutoka weusi kwenda kijivu. Uwanja wa mpira ni kijani kilichokolea mwanga, kwa hiyo hapo hutaona kitu. Kwenye mchezo wa vita vya usiku utaona. "Ami, si bora basi nichukue ya 120?" aliniuliza. Angalia vizuri hiyo 120 imeandikwaje. TV nyingi za bei hii zina kioo cha 60Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na zile namba kubwa zilizobandikwa majina ya kibiashara ni hesabu za programu ya kulainisha mwendo. Haziufanyi mwendo wa kioo uongezeke. Kioo cha 120Hz cha kweli kina faida, hata kwa filamu: filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na 24 inaingia mara tano kamili ndani ya 120, wakati ndani ya 60 inabaki nusu, ndiyo maana kamera ikigeuka polepole picha inaonekana kudunda. Ila ukitaka kucheza kwa 4K na 120 pamoja, tundu la HDMI liwe la toleo la 2.1, na hapo umeshatoka kwenye bei ya kati. Nilimwambia abaki na 60, awashe modi ya Game anapocheza ili kitufe kiitikie upesi, na aizime ile programu ya kulainisha anapotazama filamu, kwa sababu inaifanya ionekane kama mchezo wa kuigiza uliorekodiwa studioni.

Kuhusu 4K yenyewe sina maneno mengi. Kwa inchi 43, ukiketi mbali ya mita 1.7 jicho la kawaida halitofautishi nukta za Full HD, sembuse za 4K. Kijana wa Bamburi yuko mita mbili, mama wa Kibokoni zaidi ya tatu. Siku hizi 4K inakuja tu na TV, ichukue, lakini usiilipie zaidi. Nembo ya HDR, ile ya picha yenye mwanga mkali na weusi mzito kwa pamoja, nayo ni vivyo hivyo: kwa niti 300 TV inaipokea tu, haina nguvu ya kuionyesha.

Dukani, jambo la kwanza omba rimoti utoe modi ya Vivid. Madukani TV zote huwekwa hapo, buluu imezidi na mwangaza umefika mwisho, na ndiyo iliyomdanganya mama yule. Weka zote mbili modi ya Standard au Cinema. Nenda na fleshi yako yenye kipande cha mpira, picha nyeusi tupu na picha nyeupe tupu, uzicheze kwenye TV zote mbili, maana zile video za maua na samaki walizoweka wao hupendeza kwenye kioo chochote. Kisha tembea. Anzia katikati, sogea pole pole mpaka ubavuni huku ukitazama uso wa mtu. Ile inayopauka mapema ni VA. Chuchumaa pia. Kwenye picha nyeusi, kinga kioo kwa viganja uone kijivu kiko kiasi gani. Kwenye nyeupe, tafuta vivuli na vidoa; nukta iliyokufa utaiona hapo. Usitegemee jina la modeli, maana modeli hiyo hiyo inaweza kuwa IPS kwa inchi 43 na VA kwa inchi 50.

Ukiipata, hakikisha ina DVB-T2, ambayo ndiyo mfumo wa matangazo ya dijitali Kenya tangu analogi izimwe mwaka 2015. Kwa antena tu utapata chaneli za bure bila dekoda. Wanaoletewa TV na jamaa kutoka Marekani waangalie mara mbili: huko mfumo ni mwingine, na umeme wao ni volti 120, wetu 240. Hakikisha pia kuna HDMI iliyoandikwa ARC, ndiyo inayotoa sauti ya TV kwenda kwenye spika ya nje, kwa sababu spika za TV hizi nyembamba hazifui dafu mbele ya feni ya dari, na saundiba utaitaka tu.

Kuisafirisha, iwe imesimama ndani ya katoni. Usiilaze kwenye tuktuk wala chini ya mizigo kwenye feri ya Likoni. Kioo kikivunjika, bei ya kingine hukaribia ya TV mpya, na dhamana hailipi kilichopasuka.

Nyumbani, weka TV guard. Stima ikikatika huwa salama. Inaporudi ndipo bodi za pawa zinapokufa, na TV guard husubiri kidogo kabla ya kuiruhusu TV iwake. Punguza mwanga wa taa za nyuma kutoka 100 hadi 60 au 70 wakati wa usiku. Taa hizo zimeungwa kwa mfuatano, moja ikikatika mstari mzima huzimika: utasikia sauti lakini kioo ni cheusi. Likikufika hilo, mulika kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Taa ndizo za kubadilishwa, na mtu asikuuzie TV nyingine.

Huku pwani kuna adui wawili zaidi. Hewa ya chumvi hula miguu ya vipuri na kuacha kutu ya kijani kwenye bodi, kwa hiyo TV isiwe mbele ya dirisha la baharini. Wa pili ni mjusi kafiri. Anapenda joto la bodi ya pawa, huingia kwa matundu ya nyuma, akagusa pasipoguswa, wakafa wote wawili. Ukiziba matundu TV itachemka. Bandika wavu laini wa dirishani, na usiache makombo ya mahamri chini yake, maana mende ndiye anayemvuta mjusi.

Risiti ipige picha siku hiyo hiyo, wino wake hufutika. Katoni na maboya yake yahifadhi mpaka dhamana iishe. Ukihitaji kuirudisha TV, duka litakuuliza.