Bibi wa tamthilia: namna ya kumjenga adumu msimu baada ya msimu

Kwenye tamthilia ndefu, bibi ndiye anayekaa kuliko wote. Vijana wanaoana, wanaachana, wanahamia Dar. Yeye yupo palepale kibarazani. Ndiyo maana kosa linalofanywa kwake katika sehemu ya kwanza mnalibeba hadi sehemu ya mia mbili. Maelekezo haya ni kwa vikundi vinavyorekodi Iringa, Njombe na Mbeya kwa bajeti ya kawaida.

Kabla ya kumpa jina, mpeni mwaka wa kuzaliwa. Tuseme ana miaka 78 mwaka 2025, basi alizaliwa 1947. Uhuru ulimkuta na miaka 14, Azimio la Arusha 20, Operesheni Vijiji ya 1974 akiwa na 27, pengine na mtoto mgongoni. Ujenzi wa TAZARA, ulioanza 1970, aliuona kwa macho yake kama kwao ni Makambako. Enzi ya Mjerumani hakuiona. Mkwawa alikufa 1898 na utawala wa Wajerumani uliondoka na Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo habari hizo alisimuliwa na bibi yake, na skripti itamke hivyo. Msimwonyeshe pia kwenye kumbukumbu za usichana wake akitazama televisheni: Bara haikuwa na kituo hadi 1994. Hesabu hii iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la mwendelezo, yaani daftari la kutunza mambo ya mhusika yasiyobadilika, na kila mwandishi mpya aisome kabla hajaandika neno.

Kijiji nacho kichaguliwe mapema, kwa sababu Nyanda za Juu si sehemu moja. Bibi wa Tukuyu ana migomba, chai na mvua sehemu kubwa ya mwaka. Wa Makete ana viazi, ngano na baridi ya Juni inayoacha barafu kwenye majani. Wa Isimani anapigana na ukame. Ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa msimu wa mvua, kwa hiyo bibi anayeuza ulanzi mbichi mwezi Agosti atachekwa na Iringa nzima. Salamu ziangaliwe kwa jicho hilohilo. Kwa Wahehe na Wabena ni "kamwene", na bibi wa Kinyakyusa hushukuru kwa "ndaga". Mjukuu akiingia bila shikamoo, lazima iwe ni ugomvi wa makusudi. Utani wa bibi kumwita mjukuu wa kiume "mume wangu" utumieni kwa uhuru, unaipa sini uhai bila gharama. Lafudhi ya kuigiza ili watu wacheke iacheni: mtafuteni mzee wa hapo kijijini asome maneno ya bibi kwa sauti, na anapokwama mbadilishe sentensi.

Kisha mpeni alama moja ya mwilini isiyobadilika. Ena Sharples wa Coronation Street ya Uingereza, aliyeigizwa na Violet Carson kuanzia 1960 hadi 1980, alijulikana kwa wavu wake wa nywele. Kwenu inaweza kuwa sweta la kijani lililokosa kifungo cha pili, au kikapu cha milulu kinachoingia naye kila sini. Nunueni masweta matatu yanayofanana siku moja, maana moja litalowa na jingine litaibwa. Yachakazeni yote kwa pamoja: fueni mara kadhaa, anikeni juani, halafu piteni msasa laini kwenye viwiko na pindo. Nguo mpya kwenye kamera inang'aa hata ikiwa imekunjamana.

Mwigizaji akiwa wa makamo, uzee wake msiuweke kwenye mgongo uliopinda na mkono unaotetemeka. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu mtu hawezi kushikilia mtetemeko kwa miaka mitatu. Chagueni kiungo kimoja, tuseme goti la kushoto. Lifungeni bendeji ya elastiki chini ya kitenge ili likatae kukunjika lenyewe, bila kubana damu, na mfungue kila sini ikiisha. Fimbo ishikwe mkono wa kulia, yaani upande usiouma, na kichwa chake kifike usawa wa kifundo cha mkono ulioning'inia. Andikeni GOTI LA KUSHOTO kwa herufi kubwa kwenye daftari, vinginevyo baada ya mapumziko atarudi anachechemea kulia. Akitaka kukaa, kwanza mkono unatafuta kiti, macho yanahakikisha, ndipo mwili unashuka.

Mikono inasaliti umri kuliko uso. Jaribuni kwanza tone la mpira wa majimaji (lateksi), ule wa mekapu, ndani ya kiwiko siku moja kabla; wapo unaowawasha, na hao usiwaguse. Siku ya kazi osheni mikono na kuikausha, mwigizaji akunje ngumi ili ngozi ya juu ivutike, pakeni tabaka jembamba kwa sponji, kausheni kwa drai yenye joto dogo, pakeni poda, ndipo afungue ngumi. Makunyanzi yanajitokeza hapohapo. Tabaka mbili au tatu zinatosha. Nene hubanduka pembeni. Vivuli kwenye ngozi nyeusi viwe vya kahawia iliyokolea, kwani kijivu kinamfanya bibi aonekane amepakwa majivu. Kopo la mpira lisilale ndani ya gari Makete au Njombe, likiganda kwa baridi haliponi. Kuutoa, tumieni mafuta na maji ya uvuguvugu, msivute.

Mkimpata mwigizaji mzee kweli, mnapumzika na haya yote, ila ratiba ndiyo inabadilika. Mwiteni jua likishapanda, si saa kumi na mbili asubuhi. Sini zake zirekodiwe mfululizo, kiti na blanketi vikiwa karibu, na moto wa jikoni uwe wa kuni kavu chache. Moshi wa kuni mbichi unamkohoza na kuziba picha. Msimnyime maneno marefu kwa kumhurumia. Januari 2008 June Brown, akiigiza Dot kwenye EastEnders, tamthilia nyingine ndefu ya Uingereza, alibeba sehemu nzima peke yake akizungumza na kinasa sauti, akiwa na miaka 80.

Jambo la mwisho ni kuugua au kuondoka kwake. Kila msimu wekeni akiba ya sini mbili tatu zisizotegemea hadithi: bibi anachambua maharage, bibi anasali. Akikosekana, apelekwe kwa binti yake Kyela, wala msimuue. Dot aliondoka 1993 akarudi 1997, na akaendelea hadi 2020.